Mtungi wa Mama Tone

Mama Tone hakuwa mtu wa kusalimiwa asubuhi. Ukimwambia "habari za leo" alikutazama kana kwamba umemwomba figo, kisha akajibu "nzuri" kwa namna iliyokufanya ujute kuuliza. Mlinzi wa getini alilijua hilo, wafagizi walilijua, na waliokuwa wakipanda naye ngazi hadi ghorofa ya juu walijitia wamesahau kitu chini ili atangulie. Jina alipewa na hao hao. Kazi yake maabara ilikuwa kulisha bakteria kwa matone, na mtu akishika kazi moja miaka mingi, jina la kazi humganda hata akikataa.

Bila kuuelewa mtungi wake hutamwelewa mwenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo. Ulikuwa mtungi wa kioo wenye mfuniko wa chuma, umekaa juu ya meza ya upande wa dirishani, mipira myembamba ikiingia na kutoka. Mpira mmoja ulileta maji yenye sukari kidogo mno: tone, kimya kirefu, tone. Mwingine ulitoa maji yaliyokwisha kutumika, yakipitia kwenye chujio lililowazuia bakteria wasiondoke nayo. Waliomo wakabaki humo humo, mamilioni kwa mamilioni, na chakula cha kudonoa.

Sasa, bakteria akishiba ana kazi moja tu. Anagawanyika, na watoto wake wanagawanyika, hadi maji yanakuwa mazito kama uji. Ukimbania chakula anapunguza mwendo. Ukimbania zaidi, na zaidi tena, anafika mahali pa kuacha kabisa kuzaa. Lakini hafi. Kila punje anayoipata anaimalizia kwenye ukarabati: kuziba ukuta wake unaovuja, kusukuma nje chumvi inayojipenyeza ndani, kutengeneza upya vipande vilivyochakaa. Hata kuogelea anaacha, maana kuogelea nako kunataka nguvu. Ni kama mwenye nyumba ambaye uwezo wake unaishia kwenye kuziba bati linalovuja. Huyo usimtarajie aongeze chumba. Viumbe wa namna hiyo wamejaa kwenye matope ya chini kabisa ya maziwa, na wengine hujificha mwilini mwa mgonjwa, wametulia tuli, dawa inapita bila kuwagusa. Maabara ilitaka kujua jambo moja: ni kidogo kiasi gani kinachotosha ili mtu asife?

Nimesema mtu. Mama Tone naye alikuwa akisema hivyo hivyo. "Watu wangu wameamkaje," alinong'ona kila asubuhi kabla hata hajatua mkoba, akiinamia kioo cha kompyuta. Kwa sababu bakteria akila, hata kidogo, hutoa hewa, kama sisi tunavyopumua. Hewa ile ilipita kwenye kipimo, na kipimo kikachora mstari. Mstari wake ulikuwa chini kabisa, unyoya mmoja juu ya sifuri, umenyooka mwezi baada ya mwezi. Alipouona alitua mkoba, akavaa koti jeupe, na kuanza kuwa na hasira na watu wengine.

Na hasira ilikuwa na mahali pake pa kwenda. Meza ya pili ya chumba hicho ilikuwa ya mtalaka wake.

Huyu aliitwa Bwana Povu. Bakteria wake walilishwa hadi kusaza, wakakua kwa pupa, mitungi yake ikichemka povu lililofurika hadi sakafuni siku asipoangalia. Alikuwa mnene, mwenye kucheka kwa sauti, na alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akiwa kazini ambayo Mama Tone aliichukia kuliko maradhi. Ndoa ilipovunjika kila mmoja alingoja mwenzake aombe uhamisho. Hakuomba yeyote. Binti yao, aliyekuwa ameshaolewa mji mwingine, alijaribu kuwapatanisha kwa simu mpaka akachoka, akawaambia wazi kwamba akitaka kusikia kelele atawasha redio.

Basi Mama Tone alibandika utepe mwekundu sakafuni, kutoka mlangoni hadi dirishani, ukakigawa chumba mapande mawili. Kosa lake lilikuwa kutofikiria vyombo. Sinki la maji lilibaki upande wa Povu. Friji ikabaki upande wa Mama Tone. Kwa hiyo hapakuwa na siku ambayo hawakuvukiana, na kuvuka kulikuwa na taratibu zake: anayevuka husema "napita", na mwenye upande humruhusu kwa tusi. Hakuna aliyeitunga kanuni hiyo. Ilizaliwa siku ya kwanza ya utepe, ikakua, ikashika mizizi.

"Napita," alisema Povu asubuhi, akielekea kwenye friji.

"Pita. Tumbo litangulie, wewe utafuata."

Na saa chache baadaye Mama Tone, mikono imejaa chupa chafu: "Napita."

"Pita, upepo usikubebe. Mtu mzima unatembea kama mwiko."

Wanafunzi waliokuja kujifunza kazi walishtuka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakazoea. Wasichokijua ni kwamba mtungi ule wa dirishani waliuanzisha wote wawili, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Yeye alishika kioo, mumewe akafunga mipira, wakacheka kwa sababu maji yaliwalowesha wote. Mtungi ukaishi kuliko ndoa. Povu alipoondoka nyumbani alisema neno moja ambalo Mama Tone hakuwahi kulitema. Alisema amechoka kuishi kwa kudonoa. Alisema mke wake ni mkono wa birika hata wa maneno mazuri, kwamba humpa mtu tone moja la wema na kumwangalia kama litamtosha mwezi mzima. Mama Tone alimjibu kwamba mlango uko wazi. Lakini lilimkata maini, na bado lilikuwa likimkata.

Kisha Mkuu wa maabara akaja na habari zake.

Mkuu alikuwa mwanamke wa umri wa kuweza kuwa mdogo wao wa mwisho. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na haraka tu, na mtu mwenye haraka hukuumiza bila kukutazama. Alisimama juu ya utepe, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, akasema chumba kinatakiwa. Meza moja itafungwa. Alhamisi atakuja na wageni kutoka makao makuu, na meza itakayoonyesha kitu kilicho hai ndiyo itakayobaki.

"Kilicho hai ndicho hiki," alisema Mama Tone, akimwonyesha mstari.

"Mama, huo ni mstari," alisema Mkuu. "Hata kipimo kibovu huchora mstari. Wageni wakitazama mtungi wako wataona maji."

"Ndani ya hayo maji kuna watu."

"Basi watu hao waonekane." Mkuu alitazama saa yake. "Meza yako ikifungwa, wewe utashuka chini kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Nafasi ipo, usiwe na wasiwasi. Mtungi utamwagiwa dawa."

Akaenda zake. Alivyosema "nafasi ipo" ungedhani anampa zawadi.

Povu alikuwa amesimama kwenye mitungi yake, hapigi mluzi. Halafu, kwa bahati mbaya ya watu wawili waliozoea kutukanana, akasema kile ambacho siku zote alikisema, hata mbele ya Mkuu.

"Maji machafu hayo, Mama Tone. Waliomo walikwisha kufa zamani, na wewe unakesha nao matanga. Watupe ukapumzike."

Siku nyingine angemjibu na ingeisha. Siku hiyo lilimwingia hadi kwenye mfupa. Usiku hakulala vizuri, na Jumatano alifika kazini akiwa ameshaamua, macho makavu, midomo imebanwa.

Ukutani juu ya pampu iliyodondosha yale matone palikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: PAMPU HAIGUSWI. Wanafunzi waliwahi kufukuzwa chumbani kwa kuigusa. Kanuni ilikuwa yake na sababu yake aliijua vizuri kuliko jina la baba yake. Bakteria aliyeshinda njaa muda mrefu hufungua kila mlango alio nao ili punje yoyote ikipita nje aidake. Anajaa milango mwili mzima. Ukitaka kumwongezea chakula unaongeza kidogo kidogo, wiki hii chembe, wiki ijayo chembe, mpaka aanze mwenyewe kuifunga. Ukimmwagia kwa mkupuo, sukari inaingia kwenye milango yote kwa pamoja, kuta zake zinashindwa, na shibe inamuua. Njaa haikumuua, lakini shibe inamuua. Haya yote alikuwa akiwafundisha wengine.

Lakini hasira ina masikio yake yenyewe, na siku hiyo yalikuwa yakisikia "kesha matanga" tu. Povu alipotoka kwenda kula, Mama Tone aliibandua ile karatasi, akaishika pampu, akaifungua. Matone yakaungana yakawa uzi.

Alisimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha mstari uliokuwa umelala tangu enzi za ndoa ukainua kichwa. Ukapanda. Ukapita alama ya kwanza, ukapita ya pili. Mama Tone alicheka kwa sauti, peke yake, kicheko kilichomtoka kifuani kama kikohozi. Povu aliporudi, akijifuta mdomo, alikutana nacho mlangoni.

"Njoo! Njoo uone maiti zinavyopumua!"

Povu alisogea hadi ukingoni mwa utepe, akanyoosha shingo. Alitazama mstari, akatazama pampu, akatazama ukuta usio na karatasi. Rangi ikamtoka usoni.

"Umewafungulia?"

"Nimewapa chakula. Umeona wivu?"

"Umewafungulia ghafla? Wewe? Funga hiyo pampu."

"Nifunge ili kesho ucheke?"

"Funga nakwambia, mama! Utawaua!"

Laiti maneno hayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine. Angekuwa Mkuu, angekuwa mfagizi, angekuwa mpita njia aliyepotea ngazi, Mama Tone angefunga. Lakini kwa miaka yote ya utepe hakuwahi kupokea neno la Povu bila kuligeuza kwanza kuona kisu kimefichwa upande gani. Hili nalo aliligeuza, akakiona kisu ambacho hakikuwapo. Mtu ambaye meza yake iko hatarini anamwambia afunge. Angesema nini kingine?

"Rudi upande wako," alisema. Na uzi ule wa sukari akauacha uendelee kutiririka mpaka kesho yake.

Alhamisi asubuhi hakuuliza watu wake wameamkaje. Hakukuwa na haja. Mtungi ulikuwa umechafuka, mweupe mzito kama maji ya kuoshea mchele, na ndani yake nyuzi nyuzi zilielea zikizunguka polepole. Asiyejua angedhani ni neema. Mstari ndio uliosema kweli. Ulikuwa umepanda hadi jioni, ukageuka, ukaporomoka usiku kucha, na sasa ulikuwa chini kuliko alivyowahi kuuona. Weupe ule ulikuwa mizoga. Kuta zilikuwa zimepasuka na yaliyomo yakamwagika majini. Mama Tone aliifunga pampu, akakaa kwenye kiti bila kuvua mkoba begani.

Povu aliingia. Alisimama mlangoni, akauona mtungi. Mama Tone alijikaza kusubiri. Alikuwa amestahili, na alijua, na alitaka likija lije zito. Povu alikwenda mezani kwake akaanza kufuta glasi ambazo zilikuwa safi.

Wageni walipofika na Mkuu, waliuendea mtungi moja kwa moja.

"Loo!" alisema Mkuu, uso umemchanua. "Mama, mbona hukuniambia? Wamestawi! Juzi tu hapa palikuwa na maji matupu."

Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akagonga kioo kwa ukucha kama anayeita samaki. Mkuu akageuka upande wa pili wa utepe.

"Na wewe uliyekuwa ukisema wamekufa? Una la kusema?"

Hapo palikuwa na nafasi ambayo mtu huipata mara moja maishani. Povu angefungua mdomo tu, aseme hayo mnayoyatazama ni maiti, na Mama Tone angeshuka ngazi kwenda kuosha vyombo kabla ya chakula cha mchana. Meza iliyobaki ingekuwa yake. Aliweka glasi chini.

"Nilikosea," alisema. "Mtungi ni mzima. Mama Tone anaijua kazi yake."

Kwa miaka yote ile Mama Tone alikuwa ameishi kwa matusi ya mtu huyu. Aliamka nayo, akavukia nayo, akajipima nayo kama bado yupo. Kila nguvu aliyokuwa nayo aliitia kwenye kuta zake, asije akaingiliwa. Kuta hizo zilijua kuzuia jiwe. Sasa alimwangalia mtu mnene aliyekuwa akimtetea huku akijizamisha mwenyewe, na akasikia kifua kinamjaa kwa namna ambayo hakuwa na pa kuitolea.

"Mwongo!" alipiga kelele, hata mgeni mmoja akaruka. "Mwongo mkubwa wewe! Jana uliniambia nifunge! Mkuu, wamekufa. Huo weupe ni mizoga. Niliwafungulia pampu nikiwa na akili zangu timamu, huyu akanikataza, nikakataa kwa sababu ni yeye. Nimewaua mimi."

Mkuu alitazama sakafuni, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anashukuru kwa ukweli. Akasema meza ya dirishani imefungwa kuanzia leo. Akawatoa wageni kwa haraka, kama mtu anayewatoa jikoni sufuria ikiwa imeungua.

Mlango ulipofungwa, Povu alivuka utepe. Hakusema "napita". Alikuja tu, akasimama mbele ya kiti chake, mikono yake minene ikining'inia.

"Pole, mwenzangu," alisema.

Neno hilo alikuwa hajalisikia tangu walipoishi nyumba moja. Mama Tone alifungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikamtoka kilio, kilio cha mtu mzima, kibaya, cha kamasi na mabega kutikisika. Alijaribu kukizuia akashindwa. Alishika ukingo wa meza kama mtu anayeanguka.

"Usinifanyie hivyo," alisema.

"Nimefanya nini?"

"Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane kama kawaida! Nakuomba. Hilo jingine siliwezi."

Povu alimtazama. Alikuwa fundi wa kulisha, naye. Taratibu akaanza kuelewa anaombwa nini. Alirudi nyuma hatua chache mpaka akawa upande wake wa utepe, akakunja sura.

"Mkaidi wewe," alisema.

"Siyo hivyo. Vizuri."

"Mwanamke kichwa maji! Nilikwambia funga, ukakaa hapo unacheka kama fisi. Maisha yako yote umekuwa mkono wa birika, na siku moja uliyoamua kuwa mkarimu umefuta ukoo mzima!"

Mama Tone alivuta pumzi. Ilishuka, ikafika. Alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Endelea."

"Na hata kipimo hujui kusoma, pamoja na miwani yako hiyo. Huo mstari umefika sifuri?"

Aligeuka akautazama. Alisogeza uso karibu na kioo, akavua miwani, akaivaa tena. Haukuwa umefika. Ulikuwa umelala chini sana, mwembamba mno, lakini palikuwa na upenyo kati yake na sifuri, na upenyo huo haukufungika alipoungoja. Wachache walikuwa hai, wakila walichoacha wenzao. Aliigeuza pampu polepole mpaka tone moja likaanguka, kikafuata kimya kirefu, likaanguka la pili.

"Mkuu amesema meza yangu imefungwa," alisema.

"Ya kwako. Yangu ameifunga? Acha kukaa hapo kama gunia. Shika upande huo, na ole wako uniangushie."

Walichomoa nyaya, wakakunja mipira, wakauinua mtungi pamoja, yeye kwenye kioo na Povu kwenye mipira. Maji meupe yalicheza ndani. Walipofika kwenye utepe Mama Tone alisimama.

"Napita," alisema, na sauti ilikuwa bado imekwaruza.

"Pita," alisema Povu, "wewe na hilo kundi lako la wenye njaa."

Akapita. Wakautua kwenye kona ya meza ya Povu, pembeni ya mitungi iliyokuwa ikifurika mapovu, na Mama Tone akamwambia aziondoe chupa zake chafu pale, zinamziba mtu asione kipimo.